Swali la afande

Nimetoka kufundisha askari magereza sasa hivi, sauti imekauka.

Mada: wafungwa wanaohitaji uangalizi wa pekee. Wajawazito, wazee, wenye ulemavu, wagonjwa wa akili.

Nikawasomea Kanuni ya 48 ya Kanuni za Nelson Mandela, za Umoja wa Mataifa, 2015: mwanamke hafungwi pingu akiwa na uchungu, akijifungua, wala mara tu baada ya kujifungua.

Kimya.

Afande mmoja wa makamo akachomoa pingu kiunoni, akaziweka mezani.
"Akitoroka, nani atajibu?"

Swali la haki kabisa, jamani. Atakayeitwa kujieleza ni yeye, si mimi mwenye makaratasi.

Mwenzake wa kike akamgeukia: "Afande, umewahi kuona mwenye uchungu akikimbia?"

Darasa zima kicheko, naye akiwemo.

Mliowahi kufanya kazi gerezani, nyie mngemjibuje?