Bei Iliyosomwa Redioni

Juzi mwanangu aliniuliza kwa nini Mjomba huinuka na kuizima redio kila inapofika taarifa ya habari, ilhali mashairi na mawaidha huyasikiliza hadi mwisho. Nilimjibu kwamba uzee una mambo yake. Jawabu hilo si la kweli, kwani nilikuwapo siku tabia hiyo ilipoanza.

Ilikuwa Jumamosi, Oktoba 1, 2011. Nyumba ya Mkomani, mtaa wa mji wetu wa Lamu, ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi kutoka Ulaya, bei imekubaliwa, na jioni hiyo dalali alikuja kupanga siku ya kupokea arbuni. Majuma matatu nyuma Mwingereza alikuwa ameuawa na mkewe kutekwa huko Kiwayu, lakini mnunuzi hakutishika kwa kuwa aliambiwa, na ni kweli, kwamba Kiwayu ni mbali. Tukiwa tumeketi dakani, pale ukumbi wa mlangoni, redio ikatangaza kwamba mama wa Kifaransa ametekwa usiku nyumbani kwake Manda, kisiwa kinachotukabili. Habari yenyewe mji mzima ulikuwa nayo tangu asubuhi, na dalali alikuja hivyo hivyo akiijua. Ila katika taarifa jina lililotangulia lilikuwa Lamu.

Dalali alikuwa ameinua kikombe cha kahawa. Alikirudisha kikiwa kimejaa, akapapasa mfuko wa kanzu, na kabla hajaitoa simu ikaanza kulia. Akatoka nayo kichochoroni, akawa anasema Kiingereza kwa sauti ya chini, mpaka punda waliobeba mchanga wa ujenzi wakambana ukutani. Aliporejea, bega lake moja lilikuwa jeupe kwa chokaa ya nyumba ile ile aliyokuwa akiiuza.

"Mzee, tungoje kidogo."

"Baina ya Manda na hapa pana mkondo wa maji," Mjomba akasema.

"Mimi najua, nawe wajua. Wao wanajua Lamu tu."

Uingereza na Ufaransa zikawaonya raia wao wasije, na mnunuzi akarudi na nusu ya bei, ambayo Mjomba aliikataa. Machi 2, 2012, Marais Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua ujenzi wa bandari ya Lamu huko Magogoni, na kwa kuwa magazeti hayakuwa na habari nyingine, madalali walihamia Mokowe na Hindi, huko bara ya Lamu, kuuza viwanja vya msituni, kisha wetu akaja kutusihi tuuze kwa bei kubwa kuliko ile ya kwanza. Mjomba akataka kungoja ipande zaidi. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, huko bara vile vile, na simu zikanyamaza tena.

Siwalaumu watangazaji, kwani kila walichosoma kilikuwa kimetokea, na pengine mnunuzi alikuwa na haki ya kuogopa. Linalonitatiza ni kwamba katika miaka yote hiyo matumbawe ya kuta hayakuhama, zidaka za ndani, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, zilikuwa zile zile, na boriti mbili zilizooza kweli, ambazo ndizo zingestahili kuishusha bei, hakuna aliyeziuliza.

Majuzi dalali amepiga simu, akisema bandari imetajwa tena kwenye televisheni na wanunuzi wapo. Mjomba alimwambia aje kwanza aitazame nyumba. Hajaja.