Ndevu za Columbus

Mjomba alisahau miwani yake mezani, na tuligundua hivyo treni ikiwa imeshafika kituo cha Takoma.

"Turudi, Mjomba?"

"Aa, twende tu. Wewe utanisomea."

Basi nikawa macho yake siku nzima. Tulikuwa tumetoka Silver Spring, Maryland, kwa laini nyekundu ya Metro, tukielekea jumba la makumbusho ya posta mjini Washington. Mimi nilikuwa mgeni wake wa wiki mbili. Safari ilikuwa yake: alikulia Tanga akiwa na kopo la biskuti lililojaa stempu alizobandua kwenye bahasha kwa maji ya vuguvugu. Nyingi zilikuwa za Kenya, Uganda na Tanganyika, na chache za Marekani, ambazo alibadilishana na wenzake shuleni. Kopo lilipotea katika kuhamahama. Kilichobaki ni imani yake ya utotoni, kwamba kilichochorwa kwenye stempu ndicho kilichotokea, kwa kuwa serikali haiwezi kuchapa jambo lisilokuwepo.

Ukishuka Union Station, jumba lenyewe liko hapo jirani, ndani ya posta ya zamani iliyojengwa mwaka 1914. Kiingilio hakuna. Mjomba aliuliza mara mbili, mkono ukiwa mfukoni. Kwenye ukumbi mkubwa ndege za barua zinaning'inia juu, na ndani ya kabati la kioo amesimama Owney, mbwa aliyesafiri na mabehewa ya barua mpaka akafa mwaka 1897. Ngozi yake imekaushwa, na kifuani amejaa vibati alivyovishwa kila mji. Vilipomzidi uzito, mkuu wa posta, John Wanamaker, akampa koti la kuvibeba. Nilimwambia Mjomba alishike jina hilo.

Stempu ziko kwenye fremu ambazo unazivuta kama droo za kusimama. Tukaanza na za mwaka 1847, za kwanza kwa nchi nzima: Benjamin Franklin kwa senti 5, George Washington kwa senti 10. Hapo hatukukaa. Sura za wazee tu.

Tulikokwama ni mwaka 1893. Chicago iliandaa maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 400 tangu baharia Columbus afike Amerika, na posta ya Wanamaker ikatoa stempu za kumbukumbu, za kwanza za Marekani: aina 16, kuanzia senti 1 hadi dola 5. Nikapiga picha kwa simu, nikaikuza, nikamsogezea.

"Mjomba, huyu hana ndevu."

"Nani?"

"Columbus. Hii ya senti 1, yumo melini, ndiyo kwanza anaiona nchi kavu. Kidevu kimenyolewa. Sasa tazama ya senti 2. Ameshashuka ufukweni, ana ndevu tele."

Akaisogeza simu karibu na pua. "Kati ya kuiona nchi na kushuka ni muda gani?"

"Saa chache. Waliiona usiku, asubuhi wakashuka."

"Basi nchi ile ina rutuba kweli."

Tulicheka hadi mlinzi akatugeukia. Chanzo chake ni kwamba wachongaji walinakili michoro ya watu wawili tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona Columbus. Ule wa kushuka ufukweni umetundikwa ndani ya Bunge, ambalo kutoka pale unaliendea kwa miguu.

Kicheko kiliisha kwenye ya senti 10. Nikamsomea: Columbus akiwaonyesha wenyeji mbele ya wafalme wa Hispania.

"Wanaonyeshwa kama nini?"

"Kama zawadi, naona."

Hakunijibu, akavuta fremu nyingine. Mimi nikabaki napiga hesabu. Wakati ule barua ya kawaida ilikuwa senti 2, kwa hiyo stempu moja ya dola 5 ingelipia barua 250. Nani angeibandika? Wanamaker alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa Philadelphia, na alijua wakusanyaji watanunua wasitumie.

Mwaka 1898 ikatoka stempu ya dola 1 ya ng'ombe wa magharibi ya Marekani ndani ya dhoruba. Wakusanyaji wengi huiona nzuri kuliko zote. Ng'ombe wenyewe ni wa Uskoti. Picha ilinakiliwa kutoka kwa mchoraji wa huko. Mjomba alianza kutikisa kichwa.

Booker T. Washington tulimkuta mwaka 1940. Alizaliwa mtumwa Virginia, akaja kujenga chuo cha Tuskegee, na ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye stempu ya nchi hiyo, miaka 93 baada ya ile ya Franklin. Ila angalia bei pembeni: senti 10, wakati barua ya kawaida ilikuwa senti 3. Ungeipata lini mlangoni kwako? Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyewatorosha watumwa, alingoja hadi 1978, lakini yeye alipewa senti 13, bei ya barua ya kila mtu siku hizo.

Kwenye ile maarufu ya 1918, ndege iliyochapwa kichwa chini, palikuwa na foleni. Tukapita. Mimi sioni historia pale, naona bei ya mnada.

Tukakaa kwenye benchi, nikamsimulia habari za Bill Pickett, mchunga ng'ombe mweusi wa Texas aliyekuwa akimwangusha fahali kwa kumng'ata mdomo. Mwaka 1994 posta ilimchapa miongoni mwa magwiji wa magharibi. Familia ikasema huyo siye Bill, ni ndugu yake Ben. Stempu zikarudishwa, zikachapwa upya. Na ile ya Sanamu ya Uhuru ya 2010, iliyochapwa kwa mabilioni, ilikuwa ya sanamu ya hoteli huko Las Vegas.

"Mpaka Sanamu ya Uhuru?"

"Mpaka hiyo. Mchongaji akashtaki, akalipwa dola milioni 3.5."

Kabla ya kutoka tulipita kwenye meza ambapo mgeni anachagua stempu chache bure. Mjomba hakuniomba nimsomee hata moja. Alizipitia kwa kidole gumba, akipapasa meno ya pembeni, na kila iliyopungua jino akairudisha mezani. Kwa kazi hiyo hakuhitaji miwani.