Moto Ambao Bwana Aliukataa

Masomo ya wiki: Mwanzo 4:8–12, Hesabu 5:5–8, Luka 9:51–56

Wapendwa katika Bwana,

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 2021, makanisa mawili ya mbao yaliteketea kusini mwa British Columbia, Kanada. Moja lilikuwa kwenye ardhi ya jamii ya wenyeji wa asili ya Penticton, jingine kwenye ardhi ya jamii ya Osoyoos, na yote yalikuwa yamesimama zaidi ya miaka 100. Siku tano baadaye yakaungua mengine mawili katika bonde la Similkameen. Tarehe 30 Juni ikawa zamu ya kanisa la Morinville, Alberta.

Chini ya mwezi mmoja kabla ya moto wa kwanza, tarehe 27 Mei, jamii ya Tk'emlúps te Secwépemc ilikuwa imetangaza kwamba rada imeonyesha dalili za makaburi karibu na iliyokuwa shule ya bweni ya Kamloops, mojawapo ya shule ambazo serikali na makanisa waliziendesha kwa watoto wa wenyeji wa asili waliotengwa na familia zao. Hesabu ya kwanza ilikuwa 215, baadaye ikarekebishwa kuwa 200. Hapa waumini wengi huteleza, wengine upande huu, wengine upande ule. Rada hiyo husukumwa juu ya ardhi mstari kwa mstari, hutuma mawimbi chini, na mawimbi hurudi yanapokutana na udongo uliowahi kuchimbwa. Haioni mfupa. Mzizi, jiwe au mtaro wa zamani unaweza kurudisha ishara inayofanana. Kwa hiyo anayesema miili 215 ilifukuliwa amesema lisilokuwa. Lakini anayechukua hilo kama kisingizio cha kusema hakuna mtoto aliyekufa, huyo anapingana na kumbukumbu za shule zenyewe: Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano kina orodha ya majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliofariki.

Walikufaje? Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, alikagua shule za nyanda za magharibi akaonya waziwazi: mabweni yamejaa, hewa haizunguki, kifua kikuu kinawamaliza watoto. Ushauri wake ukawekwa kando. Mtoto alipofariki, serikali kwa kawaida haikukubali kulipia mwili urudishwe kwao, basi alizikwa hapo hapo shuleni. Juu ya kaburi ukawekwa msalaba wa mbao. Mbao huoza, uzio huanguka, shule hufungwa, nyasi huota. Wapo wazazi ambao hawakuambiwa hata siku ya maziko.

“Sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi.” Tazama kwamba Kaini na Habili walikuwa wametoka kutoa sadaka. Baada ya damu kumwagika, Mungu hamwulizi Kaini habari za sadaka wala za madhabahu. Anauliza: yuko wapi ndugu yako?

Sasa twende Luka 9. Kijiji cha Wasamaria kinamkatalia Bwana mahali pa kulala, na Yakobo na Yohana wanataka washushe moto. Hasira yao ilikuwa na sababu, kwa maana walidharauliwa kweli. Bwana akageuka akawakemea, kisha wakaenda kijiji kingine. Makanisa yale ya Penticton na Osoyoos yalikuwa ya wenyeji wa asili wenyewe. Wazee wao walibatizwa humo, wakafunga ndoa humo, wakazika wazazi wao kutokea humo. Viongozi wa jamii hizo walilaani uchomaji huo, wakiwemo waliokuwa na uchungu na Kanisa kuliko mtu yeyote. Julai ulipofika, moto ukafika hata kanisa la Wavietnamu huko Calgary na la Wakopti, Wakristo wenye asili ya Misri, huko Surrey. Hao hawakuwahi kuendesha shule ya bweni hata moja. (Tusiseme pia kwamba kila moto wa kiangazi kile ulitokana na hasira hii; chanzo cha baadhi hakikujulikana.)

Tunapenda kuhubiri Luka 9 halafu tukafunga Biblia. Hesabu 5 ndiyo ngumu. Aliyemkosea mwenzake anatakiwa aungame, arudishe kamili, kisha aongeze sehemu ya tano. Kama deni ni 1,000, analipa 1,200. Sheria inafikiria hata aliyekosewa akiwa amekufa: analipwa ndugu yake wa karibu, na asipokuwepo ndugu ndipo fidia inakwenda kwa Bwana kupitia kuhani. Huko Kanada ndugu wapo. Kuhani hana anachopokea.

Kuungama kumefanyika, kwa kuchelewa: Waanglikana 1993, Wapresbiteri 1994, Kanisa la Muungano la Kanada 1998, serikali 2008, na Papa Fransisko akasimama Maskwacis tarehe 25 Julai 2022. Kurudisha ndiko kulikokwama. Katika mapatano ya mwaka 2006 ya kuwafidia waliopitia shule hizo, mashirika ya Kikatoliki yaliahidi, pamoja na malipo mengine, kuchangisha dola milioni 25 za Kanada “kwa juhudi zao zote”. Zilipatikana chini ya milioni 4, na mwaka 2015 mahakama ikayaondolea wajibu uliobaki. Kosa lilikuwa kwenye maneno yale. “Tutajitahidi” haina kiasi kinachodaiwa wala tarehe. Septemba 2021, makanisa yalikuwa yamekwisha kuungua, ndipo maaskofu Wakatoliki wa Kanada wakaahidi milioni 30 kwa miaka mitano. Ni vigumu kuisoma ratiba hiyo bila kuona aibu. Fidia ya Kanisa iandikwe kama deni lolote: kiasi, siku ya mwisho, nani anapokea, nani anakagua.

Tena si fedha tu. Daftari la ubatizo na la maziko lina jina la mtoto, siku, na mara nyingine kijiji chake. Rada haiwezi kumpa mama jina, daftari linaweza. Waoblati, shirika la watawa wa Kikatoliki walioiendesha shule ya Kamloops kwa miongo mingi, waliahidi Juni 2021 kufungua kumbukumbu zao.

Kwa maombi ya wiki hii:

Tuziombee familia ambazo bado zinapekua madaftari, kila ukurasa upatikane na usomeke.

Tuwaombee wazee wa Similkameen na Penticton waliopoteza mahali walipozoea kupiga magoti, na waumini wa Calgary na Surrey.

Tuwaombee watunza hazina wa majimbo, walipe kwa tarehe.

Tarehe 30 Septemba, siku ya kitaifa ya Ukweli na Maridhiano huko Kanada, kila kikundi kikae kimya dakika tano kabla ya wimbo wa kwanza. Kiongozi asijaze kimya hicho kwa maneno.