Kutoka kwenye kona ya mpiga ngoma

Onyesho letu likiisha, watu huwaendea waigizaji kuwapa mkono. Mimi hunipita, na sina kinyongo, maana kiti changu ndicho kizuri kuliko vyote. Nakaa pembeni mwa jukwaa na ngoma ndogo, filimbi, kayamba na kengele yenye ufa, na kutoka hapo naona kitu ambacho waigizaji hawapati nafasi ya kukiona: uso wa mwenye kisa.

Kwa ambaye hajawahi kuona Playback Theatre: hakuna mswada. Mtu anatoka katika hadhira, anaketi kando ya mwongozaji, anasimulia jambo lililompata yeye mwenyewe, kisha anachagua nani awe yeye na nani wawe wengine. Mwongozaji anasema "Tutazame", nami naanza kupiga huku waigizaji wakijipanga. Hawanong'onezani. Wakimaliza, wote wanasimama na kumgeukia msimulizi. Jonathan Fox na Jo Salas ndio walioanzisha utaratibu huu mwaka 1975 katika jimbo la New York, Marekani. Fox alikuwa amewahi kujitolea Nepal, na alijifunza saikodrama, ile tiba ya maigizo ya Jacob Moreno. Salas ni mtu wa muziki, jambo ambalo mimi hulitaja kila ninapopewa nafasi.

Juzi alikuja mzee mmoja. (Ameniruhusu nikiandike kisa chake, bila jina.) Siku ya harusi ya mdogo wake yalianza manyunyu, akaombwa amshikie mpiga picha mwavuli. Akashika. Mpaka leo hayumo katika picha hata moja. "Basi, ni hilo tu," akasema, akataka kuinuka. Mwongozaji akamuuliza, "Mkono ulikuwaje, mzee wangu?" Akafikiri. "Uliuma. Lakini nilikuwa najivuna."

Akamchagua binti, mdogo kuliko waigizaji wote, awe yeye. Mara nyingi huwa hivyo. Watu hawachagui kwa sura. Kitambaa cheusi kikawa mwavuli, mimi nikatikisa kayamba, ikawa mvua. Aliyepewa upiga picha akaanza kufoka: "Sogea! Sogea kidogo, unanizibia!" Neno hilo mzee hakuwa amelitamka. Akajipiga paja: "Ndivyo hasa alivyosema!"

Kisha mwigizaji aliyekuwa bwana harusi akaanza kunyoosha mkono, kama anayetaka kumvuta kaka yake aingie pichani. Nikanyamazisha kayamba. Kunyamaza ni sauti pia, na wenzangu wanaijua. Akaurudisha mkono, akajipanga na wengine kwa ajili ya picha. Nikagonga kengele mara moja, na binti akabaki nje ya mstari, mkono juu, ukitetemeka. Mwongozaji akauliza kama ndivyo ilivyokuwa. "Ndivyo," mzee akajibu. "Ila mkono ulikuwa wa kulia."

Baadaye mtazamaji mmoja alinilalamikia: kwa nini hatukumwingiza pichani, angalau afarijike? Lakini angetaka faraja angeiomba. Kuna jukwaa la Augusto Boal, yule Mbrazili, ambako mtazamaji husimamisha mchezo, akapanda mwenyewe na kujaribu kubadilisha mambo. Ni kazi ninayoiheshimu sana, hasa penye dhuluma ya kupingwa. Sisi mtu katuletea siku yake, na anachotaka kuona ni kama tulimsikiliza. Hata ule mkono wa kulia, nadhani, alikuwa anatupima.

Wapiga muziki wenzangu nao tuna dhambi yetu, filimbi ya huzuni. Ukiipuliza kabla mwigizaji hajafungua mdomo, umeshawaamulia watu walie. Kisa cha mwavuli kingekuwa kilio kitupu, na ile "nilikuwa najivuna" ingezama humo isionekane. Ndiyo maana nilibaki na kayamba.

Mzee hajafika hata kwenye kiti chake, mama mmoja akawa ameshasimama, anacheka. Kwao yeye ndiye mpiga picha wa familia, na wajukuu wakifungua albamu huuliza bibi alikuwa wapi. Hakuna aliyeomba kisa kinachofanana na kile. Wenyewe huuita uzi mwekundu, namna visa vya hadhira moja vinavyoitana na kujibizana, na mwongozaji mzuri haukati wala hauvuti. Kengele ikafanya kazi tena. Wa tatu alikuja na kisa cha mbwa, nikashukuru, maana ule ufa ulikuwa umeanza kusikika mpaka nyuma.