Mlio wa kuruka utasikika mara elfu: kutengeneza sauti za gemu ndogo

Katika gemu ya kuruka na kuokota sarafu, hakuna mlio unaosikika kuliko ule wa kuruka. Mlio mrefu wenye mwangwi mzito unapendeza ukiusikiliza peke yake, lakini ndani ya gemu unachosha kabla hatua ya pili haijaisha. Kinachorudiwa sana kiwe kifupi, kikavu na cha chini kidogo. Makeke yabaki kwa matukio ya nadra, kama kufa au kumshinda adui mkuu.

Kwa milio ya mtindo wa zamani, sfxr inatosha kabisa. Ni programu ya bure ya Tomas Pettersson, ya mwaka 2007, na toleo la jsfxr hufanya kazi ndani ya kivinjari. Kwa kuruka, chagua wimbi la mraba (umbo la wimbi lenye sauti ya gemu za zamani) na upandishe masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (Hz), kutoka Hz 300 hivi hadi 600 ndani ya milisekunde 150; huko kupanda ndiko kunakoliambia sikio kwamba mtu anapaa. Sarafu inataka noti mbili: Hz 784 kwa milisekunde 60, kisha 1,047 ikififia kwa milisekunde 300. Mlipuko hauna noti. Ni kelele nyeupe, ule mchakacho wa redio isiyoshika stesheni, inayopitishwa kwenye chujio linaloshuka mpaka zibaki sauti nzito tu. Ila spika za simu hazitoi vizuri sauti za chini ya Hz 200, kwa hiyo mlipuko unaotegemea besi pekee hupotea. Ongeza mpasuko mfupi wa kati ya Hz 1,000 na 3,000 mwanzoni.

Nyayo ni bora uzirekodi, na maikrofoni ya simu inafaa. Chukua hatua nne tofauti, kodi (maagizo ya programu ya gemu) ichague moja bila kurudia iliyotangulia, na kila mara ibadilishe kasi ya kucheza kwa hadi asilimia 5 juu au chini. Usipofanya hivyo, mhusika atatembea kama cherehani.

Kisha fungua kila faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, uvute wimbi karibu. Ukimya wa milisekunde 30 mwanzoni ni karibu fremu (picha) mbili kwenye gemu ya fremu 60 kwa sekunde. Mchezaji atasema kitufe ni kizito, nawe utahangaika na kodi isiyo na kosa. Ukisikia “tik” mwishoni, wimbi limekatwa kabla ya kufika sifuri: lififishe kwa milisekunde 5.

Muziki unaojirudia una mtego wake, nao ni mahali mwisho unapoungana na mwanzo. Kwa mapigo 120 kwa dakika, vipimo 16 vya mapigo manne ni sekunde 32 kamili, yaani sampuli (vipande vidogo kabisa vya sauti ya dijitali) 1,411,200, zikiwa 44,100 kwa sekunde. Zikizidi elfu chache tu, mdundo unajikwaa kila mzunguko. MP3 huongeza ukimya mwanzoni na mwishoni mwa faili, hivyo tumia OGG au WAV. Mwangwi wa noti za mwisho nao hukatika ghafla. Dawa yake ni kupiga mzunguko mara mbili na kuhifadhi ule wa pili, ambao mwanzo wake tayari umebeba mwangwi wa kwanza.

Muziki uwe chini ya milio kwa desibeli 8 hadi 10. Vilele vya milio visipite −6 dB (kikomo kabla ya sauti kupasuka ni 0 dB), kwa sababu milio miwili inayofanana ikigongana huongezeka kwa desibeli 6, na sarafu tano zikiokotwa pamoja zitapasua spika. Weka ukomo wa nakala tatu za mlio mmoja kwa wakati.

Gemu ya kivinjari ina sharti moja zaidi: vivinjari huzuia sauti mpaka mchezaji abofye kitu. Weka kitufe cha “Anza”, na uwashe sauti hapo hapo kinapobofywa.