Nilivyofanya picha za RAW zifanane kwenye programu tatu tofauti

Mimi huhariri kwenye Lightroom. Mwenzangu ninayegawana naye kazi anatumia darktable, na kuna picha ambazo napenda kuzipitisha RawTherapee kwa sababu inatoa vizuri nyuzi za nywele na mshono wa kitambaa. Zote hizo huishia kwenye albamu moja. Mteja akifungua ukurasa wa kushoto akaona gauni jeupe, halafu wa kulia gauni lilelile limekuwa la rangi ya maziwa, hajali tumetumia programu gani. Anachoona ni kwamba kazi haijakaa sawa, na ana haki.

Ilinibidi kwanza nielewe tofauti inatoka wapi. Faili la RAW, yaani data ghafi kutoka kwenye kihisi cha kamera, bado halijawa picha. Kwenye kamera nyingi, kila pikseli ya kihisi imefunikwa kichujio cha rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak uliopata hataza mwaka 1976. Rangi mbili zinazokosekana hukisiwa na programu kwa kuangalia pikseli za jirani. Kisha rangi za kihisi zinatafsiriwa kwa kutumia profaili ya kamera, yaani faili linaloeleza jinsi kamera hiyo inavyoona rangi, kisha inawekwa mkunjo wa mwangaza ili picha ipendeze machoni. Hatua zote hizo kila programu inazifanya kwa njia yake, na nyingi zimeshafanyika kabla hujagusa kitelezi hata kimoja.

Ndiyo maana faili la XMP, lile dogo la pembeni linaloandika mabadiliko uliyofanya kwenye picha, halikutuokoa. Lightroom ikihifadhi mabadiliko pembeni ya DSC_1234.NEF (faili la RAW la Nikon) inaandika DSC_1234.xmp, darktable inaandika DSC_1234.NEF.xmp, RawTherapee inaandika DSC_1234.NEF.pp3. Yanaweza kukaa folda moja bila kugombana, lakini hayasomani. Nyota, maneno ya utafutaji na maelezo ya picha vinahama vizuri, kwa sababu hivyo vina viwango vinavyoeleweka na wengi. Uhariri wenyewe ni habari nyingine. darktable inajaribu: unapoingiza picha kwa mara ya kwanza inasoma faili la Lightroom na kuchukua baadhi ya mambo, kama ukataji wa picha na kiasi cha mwangaza. Mimi naitumia kwa ukataji na nyota tu. Namba nyingine naziacha, maana +30 ya utofautishaji ya programu moja haina uhusiano wowote na +30 ya nyingine.

Basi tukaacha kuhamisha vitelezi, tukaanza kuhamisha kipimo. Kila taa ikibadilika, mmoja wetu anapiga picha moja yenye kadi ya kijivu ya asilimia 18. Hiyo ndiyo inayotuunganisha. Kila mtu kwenye programu yake anabofya kadi ile kwa kichaguzi cha mizani ya weupe, kinachoondoa rangi ya taa ili kijivu kiwe kijivu, halafu anapandisha au kushusha mwangaza mpaka kadi isomeke karibu na 118 katika R, G na B zote tatu, kwa kipimo cha sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, kinachoanzia 0 hadi 255. Namba za Kelvin, yaani zile zinazoeleza rangi ya mwanga, hatuambiani kabisa. Kila programu inazikokotoa kutokana na profaili yake ya kamera, kwa hiyo mwanga uleule unaweza kupewa namba mbili tofauti na zote zikawa sahihi ndani ya programu zake. Ukinakili Kelvin kutoka huku kwenda kule, ndipo gauni linapogeuka maziwa.

Kwa anayetumia darktable za karibuni kuna jambo la kuangalia hapa. Katika mpangilio wake wa kisasa, moduli ya mizani ya weupe inaachwa kwenye thamani ya rejea ya kamera, na marekebisho ya mwanga yanafanywa kwenye moduli ya urekebishaji rangi. Kadi inabofywa kule, si kwenye ile ya kwanza. Pia mpangilio huo unaongeza 0.7 EV ya mwangaza wenyewe, ndiyo sababu +1 ya mwenzangu haikuwa ikilingana na +1 yangu. EV moja ni kuzidisha mwanga mara mbili popote pale, ila lazima ujue kila mmoja ameanzia wapi.

RawTherapee nayo, ukiiacha ilivyo, inatafuta mkunjo unaofuata JPEG iliyomo ndani ya faili la RAW. Matokeo yanapendeza, lakini yanafuata ladha ya kiwanda cha kamera. Mimi naanza na profaili yake isiyo na nyongeza, kisha naipa faili la DCP, yaani profaili ya Adobe ya rangi za kamera yangu, linalokuja na DNG Converter ya Adobe, ambayo ni bure, na kuweka alama kwenye visanduku vyote vinne vya chini yake: mkunjo, jedwali la msingi, jedwali la mwonekano na mwangaza wa msingi. Upande wa Lightroom nachagua Adobe Standard. Mara ya kwanza kuzilinganisha nilifurahi sana. Ngozi ya uso ilikuwa imekaribiana kuliko nilivyotegemea. Kasoro za lenzi pia zinaendana, kwa kuwa RawTherapee inasoma faili za LCP za Adobe, yaani profaili za lenzi. darktable haisomi DCP, kwa hiyo mwenzangu anapiga chati ya rangi yenye vibandiko 24 na kuiacha moduli ileile ya urekebishaji rangi ijipime nayo.

Hapo msingi umelingana. Mwonekano wetu, yaani vivuli vyenye ubaridi kidogo na kijani kilichotulia, tunaubeba kwa HaldCLUT, aina ya LUT, yaani jedwali la kubadilisha rangi. Hii ni picha ya mraba, kwa kiwango cha 12 ina pikseli 1728 kwa 1728, iliyojaa sampuli za rangi kwa mpangilio maalumu. Naiingiza Lightroom, naipaka mwonekano wetu, naitoa kama TIFF ya sRGB bila kunoa, kisha naigeuza PNG kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Faili hilo linafunguka kwenye RawTherapee na kwenye moduli ya LUT ya darktable, na linageuza rangi kwa namna ileile kote. Sharti lake moja ni gumu: usiweke ndani yake kitu chochote kinachoangalia pikseli za jirani. Uwazi (Clarity), kuondoa ukungu, kunoa, chembechembe, giza la pembeni, hata vitelezi vya vivuli na sehemu angavu vya Lightroom, vyote vinavuruga ule mpangilio na rangi zinatoka na mabaka. Rangi na mikunjo tu.

Picha inayohitaji kusafishwa kwa mkono inahama ikiwa TIFF ya biti 16, yenye profaili ya rangi ndani. Ya megapikseli 24 inafika takriban MB 144 kabla ya kubanwa, na diski inalalamika, lakini biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi na anga ya bluu huanza kuonyesha mistari ukiivuta kidogo. GIMP inamudu biti 16 tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, kwa hiyo hakuna sababu ya kushuka.

Skrini zetu zote mbili zimepimwa kwa viwango vilevile: weupe wa D65, mkunjo wa mwangaza wa gamma 2.2 na mwanga wa 120 cd/m². Bila hilo hata faili moja lingetugombanisha.

Pamoja na yote hayo, mambo mawili bado hayalingani: upunguzaji wa chembe za ISO ya juu, na jinsi programu inavyojaza sehemu zilizoungua. Jua likiwa nyuma ya mtu, programu moja inaacha duara jeupe safi na nyingine inaweka waridi pembeni yake. Siku hizi tunapogawana kazi, picha zote za tukio lenye mwanga wa namna hiyo anazichukua mtu mmoja, kwenye programu moja, mwanzo hadi mwisho.