Maghribi ya Saa Tatu na Nusu

Binti yangu kanitumia ile meseji inayozunguka kila Ramadhani: ukifunga, seli zako zinajila na kujisafisha, na Mjapani mmoja alipewa Nobeli kwa hilo. Chini kaandika: "Mama, ni kweli? Si ndiyo uliyosomea?"

Nobeli ni kweli. Yoshinori Ohsumi, 2016. Ila yeye alichunguza hamira, si waumini.

Mimi ikanirudisha Ujerumani, Julai 2014, Maghribi ikiingia saa tatu na nusu usiku. Nimefunga, na seli zangu nazo nimezifungisha: sahani moja kwenye maji ya chumvi yasiyo na amino asidi, nyingine nimeitia dawa tuliyokuwa tukiijaribu.

Seli denditiki, zile za kinga nilizokuwa nazo kwenye sahani, kazi yake ni umbea wenye ushahidi. Kwa autofajia, ndiko huko kujila, inaviringisha vitu vya ndani mwake, hata kirusi kilichojificha, kwenye mfuko wa utando wa tabaka mbili. Mfuko unamwagwa kwenye lisosomu, tumbo la seli lenye tindikali, protini zinakatwakatwa, na vipande vinapachikwa kwenye MHC daraja la pili, protini ya kuonyeshea vipande hivyo, na kuanikwa nje ya seli. Seli T, askari wa kinga, ikipita ikavitambua, inapiga yowe.

Filamu, picha ya kupimia protini za seli, ilipotoka, mstari wa LC3-II, protini inayoganda kwenye ule mfuko, ulikuwa mnene kwenye sahani ya dawa: mifuko ni mingi. Nilifurahi kama mwehu. Kwamba seli T zangu zilikuwa kimya wiki ya tatu sasa, sikutaka kulifikiria.

Msimamizi akaiinua filamu kwenye taa. "Klorokwini iko wapi?"

Sikuwa nimeiweka. Mifuko ni kama malori ya taka: ukiyaona yamejazana, huenda kazi imepamba moto, au huenda dampo limefungwa. Klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani, huharibu tindikali ya lisosomu, yaani unalifunga dampo mwenyewe. Malori yakizidi, basi kazi ilikuwa ikiendelea.

Nikaenda kupima. Unga mweupe, miligramu chache, hauna hata harufu. Lakini mate yalinijaa uchungu uleule wa vidonge vya utotoni, na nikamkumbuka bibi akinikuna mgongo kwa gunzi la mahindi, usiku kucha, mwili mzima unawaka kwa kuwashwa. Homa imeshuka, usingizi hakuna. Nilisimama mbele ya mizani, glovu mkononi, nikijikuna kiwiko na kujiuliza kama mate yale, nikiyameza, saumu bado ipo.

Kesho yake filamu ikasema. Seli zilizofungishwa mstari ulizidi. Za dawa yetu, haukuzidi hata kidogo. Dawa ilikuwa imefunga dampo, na seli T hazikuwa na cha kuona. Tasnifu ikabadilishwa kichwa, nikachelewa mwaka, nikarudi nyumbani. Maabara sijaigusa tena.

Sasa nimjibu nini huyu mtoto? Zile za sahani ya njaa zilijila kweli, lakini hazikula daku. Nikaandika "ni kweli kidogo", nikafuta. Nikaandika "inategemea umepimaje", nikafuta.

"Mama??"

Adhana ya saa kumi na mbili na nusu imenikuta bado nimeshika simu.